Mwaka Tulipompoteza Nkatha

Jumamosi iliyopita, chini ya hema la kumuaga Madam Kananu, mwalimu wetu wa kompyuta, Makena alikuja akaketi kando yangu mezani na sahani yake ya pilau, akaweka mkoba kwenye benchi katikati yetu, akaniuliza swali ambalo nilidhani lilishakufa na kuzikwa. Makena alikuwa kidato cha nne nilipokuwa cha pili. Siku hizi yuko chuo huko Embu, ana kucha ndefu, na anaongea polepole kama mtu ambaye maneno yake husomwa kwanza na wakili. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama. "Murithi," akasema, "sasa sisi ni watu wazima. Niambie tu. Zile projekti zetu ulizificha wapi?" Kwa bahati nilikuwa na mfupa mdomoni, na mtu mwenye mfupa mdomoni halazimishwi kujibu haraka. Kwa hivyo niliendelea kuutafuna, hata nyama ilipokuwa imeisha, huku mwaka ule wote ukinirudia na harufu yake.

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee wenye mvi, waliopita kwenye vita na njaa. Mimi nimepita kwenye githeri ya shule. Lakini nani alisema lazima mtu aoteshe ndevu ndipo akumbuke? Mwaka wa kidato cha pili ulinizeesha kuliko wazazi wangu walivyopanga. Kabla yake nilikuwa naamini kwamba mtu akisema ukweli ataaminiwa. Siku hizi nikikuta mlango wa darasa umefungwa, napiga hatua mbili nyuma, nangoja mwingine aufungue, ili kama kuna kitu kimepotea ndani wasinikute wa kwanza.

Maabara ya kompyuta ya shule yetu ilikuwa stoo ya maharagwe kabla hatujastaarabika. Ukiketi pale wakati wa joto, bado ungesikia harufu ya njahi na ya ile dawa ya kuua wadudu, na mara mojamoja kidudu chenyewe kingetembea juu ya kibodi kama mkaguzi. Mwisho wa chumba, ndani ya kabati la chuma, ndimo ilimokuwa sava. Ilitolewa zawadi na kampuni moja iliyofunga ofisi yake mjini Meru, na ilikuwa ya Unix, si ile ya kubofyabofya picha. Hapo unaandika amri. Usipokosea inakaa kimya, ukikosea inakutukana kwa Kiingereza. Madam Kananu aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Alituambia ndani ya lile kabati kuna diski nyingi, na kwamba kuna programu ya kusimamia hifadhi, ambayo kazi yake ni kuzishika zote pamoja zionekane kama ghala moja kubwa. Diski moja ikifa, zingine zinabeba mzigo wake na hakuna kinachopotea. Kila ghala lazima lipewe jina, na la kwetu Madam alilipa jina la mama yake, Nkatha, aliyefariki mwaka ule sava ilipoletwa. Kila tulichoandika kiliishi ndani ya Nkatha. Kila projekti ya kidato cha nne, ambayo ingehesabiwa katika mtihani wa mwisho, ilikuwa mle.

Madam alikuwa mtu mpole mwenye macho ya askari wa gereza. Sheria yake ya kwanza ilikuwa mikono juu ya meza, pale anapoiona. Alianza kunitazama kwa makini muhula wa kwanza, baada ya mimi kubadilisha maneno ya kukaribisha ya sava, hata kila mwalimu aliyeingia akaambiwa: Karibu, chai ya saa nne imeisha. Nusu ya walimu hawakwenda kunywa chai siku hiyo. Madam aliniandikisha maneno ya msamaha, kisha, kwa sababu ambayo sijaielewa hadi leo, akanipa akaunti yangu mwenyewe. Yenye mipaka, akasema. Nilijiona mkubwa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mtu mwenye akaunti ndiye anayejulikana mahali alipopita.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Nilikuwa naishi na tata yangu, dada ya baba, katika chumba cha kupanga huko Majengo, nyuma ya bucha, mahali ambapo adhana ya alfajiri ndiyo iliyokuwa saa yetu ya kuamsha, ingawa tata ni mwanakwaya. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua: upande wake kitanda, cherehani na picha ya ubatizo, upande wangu meko na mimi. Kwa kuwa nina jina la babake, tata huniita baba. Hunisalimia kwa heshima zote, "Habari ya asubuhi, baba," kisha anaangalia kama ule uzi aliofunga kwenye kopo la sukari bado umekaa alivyouacha. Tulikula mukimo na mchuzi wa kamande, na Jumapili mahamri ya Mama Zainabu wa mlango wa pili, na kila mlo ulikuwa na upelelezi wake. Nani amekata mkate bila kunyoosha? Kwa nini maziwa yamekuwa mepesi? "Baba," angeniambia, "sikulaumu. Nauliza tu." Kule kuuliza tu kulinifanya nikiri hata maziwa yaliyonywewa na paka.

Mwaka huohuo ndipo tata alinipeleka hospitalini nikiwa na kikohozi. Karani akauliza jina langu na mahali tunakotoka, nikasema Murithi wa Mitunguu, akaingia ndani akatoka na faili nene kama biblia. Daktari alisoma bila kuinua uso. Akaniuliza kama bado naamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na kama magoti yamepata nafuu tangu nipunguze nyama. Nilimjibu kwamba magoti ni mazuri ila wajukuu wananisumbua. Tata alinifinya. Ilikuwa faili ya babu. Kule kwetu jina halikai bila mtu. Babu anampa mjukuu, na huku mwenyewe bado anatembea nalo. Ukiita Murithi katika lile boma letu la Mitunguu, migomba yenyewe inaitika. Nilisimulia kisa hicho shule nzima hadi wakaniita Mzee wa Magoti.

Halafu ikaja habari ya kuapgredi. Nilikuwa nimetumwa maabara kufuta vumbi, adhabu ya kawaida, na ukuta kati ya maabara na ofisi ya prinsipo ni ubao tu, tena mwembamba. Nikasikia Madam akimweleza prinsipo kwamba programu ya kusimamia hifadhi imezeeka, kwamba kila stima ikipotea inachukua asubuhi nzima kujikagua, na kwamba haiwezi kuzitambua diski kubwa za sasa. Lazima ipandishwe toleo jipya kabla ya projekti kukusanywa. Prinsipo akauliza kama ikipandishwa inaweza kuanguka. Madam akasema kuna njia ya kwenda lakini njia ya kurudi ni ngumu, ndiyo sababu anataka fundi aliyewahi kuifanya. Prinsipo akashusha sauti, na mtu akishusha sauti mimi husogeza sikio. "Na huyo kijana wako wa chai," akasema, "siku hiyo asikaribie hapo." Nilifuta ule ukuta vumbi hadi ukang'aa.

Siku ya Ijumaa, mwisho wa somo, Madam alitutangazia kwamba wikendi sava itafanyiwa kazi na kila mtu ahifadhi vitu vyake. Mimi nikanyoosha mkono. Nilisema, "Madam, tukirudi Jumatatu tutakuta kidato cha nne wote wamerudi kidato cha pili." Darasa likacheka. Madam mwenyewe akatabasamu. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko sala zangu.

Fundi alikuja Jumamosi kutoka Gachoka, kwa njia ya Embu. Aliitwa Bwana Njiru, mtu mrefu, koti lake lilikuwa na mifuko mingi, na shavu moja lilikuwa limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, tangu asubuhi. Mimi sikupaswa kukaribia, lakini nilikuwa kwenye orodha ya wanaofagia varanda, na varanda ina dirisha. Nikafagia mahali pamoja hadi saruji ikaanza kulia. Njiru aliandika amri akiwa ameikinga kibodi kwa mgongo, kama mtu anayekula peke yake. Alipoona Madam ametoka kupokea simu, alichuchumaa chini ya kabati, akakaa hapo kwa muda, akainuka na kitu amekifunika kwa koti. Kisha akageuka akaniona. Tulitazamana. Akakaribia dirisha akitafuna polepole. "Kijana," akasema, "unatafuta nini kwa mikono yangu?" Nikamwambia natafuta vumbi. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: huyu anatuibia diski. Naye, kama nilivyokuja kujua, moyoni alikuwa ameshanihukumu mimi.

Jumatatu sava ilikuwa inaruka. Faili zilifunguka kabla hujamaliza kuziita, na Madam alikuwa anatembea kati ya meza kama bibi harusi. Ndipo Makena akauliza kwa nini ndani ya akaunti yake kuna insha aliyoandika akiwa kidato cha pili, na hakuna kingine. Kevo, jirani yake, naye akakuta vitu vya kidato cha pili. Wote wakakuta hivyo. Majina ya wanafunzi waliokwisha kumaliza na kwenda zao yalikuwa yamefufuka, na projekti za mwaka huo hazikuwepo, hata moja. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mwanzo wa mwaka, kabla projekti hazijaota hata meno. Na mimi, nilipojaribu kuingia, sava iliniambia hainijui. Halafu kichwa kimoja kikageuka upande wangu, kikafuata kingine, hadi nikawa natazamwa na maabara nzima. Nikaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa.

Unajua, ningekuwa wao, hata mimi ningeniangalia. Nilikuwa nimesema watarudi kidato cha pili, na wamerudi. Nilikuwa dirishani. Nilikuwa na historia ya chai. Hata kule kukosa akaunti yangu walikugeuza ushahidi, kwamba nimejifuta ili nisijulikane. Nilijaribu kusema kuhusu Njiru na koti lake, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyofanana na mwizi anayeonyesha kidole. Prinsipo alimpigia tata simu. Akasema projekti zisipopatikana kabla ya siku ya kukusanya, mimi nitakuwa nimemaliza masomo, na watahiniwa watakuwa wamefanyiwa ukatili. Tata alinipikia chai usiku huo, akatia sukari mwenyewe, nyingi, akaniangalia nikinywa. "Baba, sikulaumu," akaanza. Nikamwomba asimalize. Akasema tu kwamba kule Mitunguu migomba haikosi mtu wa kuifungulia maji, na kwamba babangu anajua.

Mtu aliyenimaliza, lakini, ni Makena. Siku iliyofuata alinipata kwenye foleni ya chakula nikiwa na sahani ya githeri ambayo sikuwa na hamu nayo. Nilitegemea atanipiga. Wenzake walikuwa wameshaahidi. Badala yake alisimama karibu, akaongea na sahani yangu. "Rudisha tu," akasema. "Hatutasema ni wewe. Mimi nilifanya ile kitu na kompyuta ya shule peke yake, sina ingine." Projekti yake ilikuwa mfumo wa dawa za zahanati moja karibu na kwao, wa kuonyesha ni dawa gani inaelekea kuisha. Aliifanya jioni nyingi, wakati sisi tunacheza. Nilitaka kumwambia sina. Nikamwangalia, nikaona kwamba nikisema sina, atasikia sitaki. Kwa hivyo sikusema kitu, na hicho pia alikisikia vibaya.

Kikao kilikuwa ofisini kwa prinsipo. Prinsipo nyuma ya meza, Madam kwenye kiti cha plastiki akiwa na kikombe cha chai na kipande cha nduma ambavyo hakuvionja, Njiru akiwa ameitwa tena kutoka Gachoka, safari hii shavu likiwa tupu. Tata alikuwa karibu na mlango na kitambaa chake cha kanisa. Niliambiwa nitoe vitu mifukoni. Nikatoa kalamu isiyo na wino, kifuniko cha soda, na nusu ya mahamri ya Mama Zainabu. Njiru akasema yeye amefanya kazi hii miaka mingi na hajawahi kupoteza hata herufi, ila alikuta kijana huyu anamkodolea macho. Nikasema mimi nilimwona akificha kitu kwa koti. Njiru akacheka kwa hasira. Akasema aliingiza, hakutoa. Kulikuwa na nafasi tupu kwenye sava, na diski zimewekwa kwenye katoni chini ya kabati, zimeandikwa Nkatha. Akaona mtu mzembe amezichomoa, akazipangusa kwa koti, akazirudisha kwa wenzake. Akaongeza kwamba toleo jipya lina kasoro ndogo ya kurudia maneno, maana linaandika Nkatha mara mbili, lakini hiyo si ya kujali.

Prinsipo akanigeukia akaniuliza kwa nini sava irudi nyuma miaka miwili, na jina langu lisiwepo humo kabisa. Nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka hutoa kile anachokuwa nacho, na mimi nilikuwa na mzaha peke yake. Nikasema labda sava imefungua faili ya babu. Nikasema hata mimi hospitalini niliulizwa kuhusu magoti, na kikohozi changu hakikuwa kimeandikwa popote humo. Prinsipo akapiga meza, akasema hata sasa, hata sasa bado nafanya mchezo. Tata akajifunika uso.

Lakini Madam alikuwa ameweka kikombe chini. Aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa nyuma yangu. Akamuuliza Njiru kama ile Nkatha ya pili ina namba sawa na ya kwanza. Njiru akasema hakuangalia namba, jina si lilelile? Madam akasimama. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba zile za kwenye katoni ni diski za zamani. Zilipochoka, miaka miwili nyuma, alinunua zingine, akatengeneza ghala jipya, akahamisha vitu vyote, na ilipofika mahali pa jina hakufikiria hata kidogo. "Mama asingekosa wa kumrithi," akasema. Akalipa ghala jipya jina la lile la kwanza, na lile la kwanza hakulifuta, kwa sababu nani anaweza kumfuta mama yake? Akalifungia tu kwenye katoni.

Tulienda maabara sote, hata tata, na kitambaa chake. Njiru alikaa akaandika, safari hii bila kukinga kibodi. Zikatokea pale, Nkatha na Nkatha, kila moja na namba yake ndefu. Programu mpya ilipoamka na kukuta majina mawili, Njiru aliilazimisha ichukue Nkatha, nayo ikamchukua bibi na kumwacha mjukuu nje. Njiru alizima sava, akachomoa zile diski za zamani taratibu kama anayetoa mayai kwenye kiota, akawasha, akaita ghala kwa namba badala ya jina. Madam akaandika amri ya kuonyesha yaliyomo. Zahanati ya Makena ikatokea. Za wengine zikafuata. Jina langu nalo lilikuwepo, chini kabisa. Njiru alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho, na wangu pia, na hakuna kati yetu aliyesema pole.

Ningependa kuandika kwamba shule ilinibeba juu. Kilichotokea ni hiki: asubuhi kidato cha nne walipokuta projekti zao ziko pale, nzima, hakuna hata nukta iliyopungua, wote walipata hakika. Kitu kikipotea kweli hakirudi namna hiyo. Kinachorudi ni kilichofichwa. Madam alisimama mbele akaeleza habari ya maghala mawili, vizuri sana, na wao wakatikisa vichwa kwa adabu, wakijua kwamba Madam amenihurumia. Prinsipo alinikuta kwenye ngazi akaniambia amefurahi nimeona njia. Saa ya chakula Makena aliniletea nusu ya chapati, kwenye karatasi, akasema asante kwa kuamua. Niliila. Ilikuwa chapati nzuri. Tata peke yake ndiye aliyefungua ule uzi kwenye kopo la sukari, akaniachia wazi. Lakini baada ya muda niligundua anaweka alama kwa kalamu upande wa nje, pale sukari ilipofikia.

Ndiyo hayo yaliyonirudia chini ya hema, na mfupa umeisha. Upande wa mbele walikuwa wanamvisha Madam shuka la zawadi. Amehamishiwa Embu, na alikuwa ameshaniambia kwamba sava nitaiangalia mimi hadi mwalimu mpya afike. Makena alikuwa bado anangoja. Basi nikamweleza yote, bila mzaha hata mmoja: katoni, koti, namba, Nkatha wa kwanza na Nkatha wa pili. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake yamelainika, akanigusa bega.

"Wewe na hadithi zako," akasema, akicheka. "Sawa. Siku utakuwa tayari, utaniambia."

Kisha akageuka kumpungia mtu mkono, na bila kuangalia, kwa ule mkono mwingine, akauchukua mkoba wake kutoka kwenye benchi katikati yetu, akaupakata. Nikaweka sahani chini. Nikaweka mikono yangu miwili juu ya meza, pale inapoonekana, nikamwomba anisogezee chumvi.